Kijiji kisichotegemea gridi pembezoni mwa Dar: pangeni kwa mwezi mbaya

Kikundi kikishanunua ekari zake Kigamboni, Chanika au Mabwepande, au kikavuka hadi Mkuranga na Kisarawe, swali la kwanza huwa ni sola ya kilowati ngapi itatosha. Swali hilo lije la tatu. La kwanza ni maji, la pili ni nani atanunua betri mpya, za kwanza zikichoka. Na katika yote msitumie wastani wa mwaka. Kila mfumo una mwezi wake mbaya huku kwetu. Umeme wa jua unapungua Aprili, mawingu ya masika yanapotanda. Maji yanapungua Septemba hadi vuli ifike. Choo na barabara huharibika Aprili na Mei, na joto la ndani hukera zaidi Februari. Mfumo ukistahimili mwezi wake mbaya, miezi mingine haina shida.

Hesabu za hapa ni za nyumba 20, watu 100, kwenye ekari 6. Idadi yenu ikiwa nyingine, zidisheni au gawanyeni.

Kiwanja

Wauzaji hupenda kuonyesha ardhi Agosti, ikiwa kavu na njia inapitika. Nendeni Aprili, siku moja baada ya mvua kubwa. Angalieni kuta za majirani kama zina mstari wa tope, waulizeni wenyeji maji hufika wapi, na mkiona matete yamestawi juu ya mchanga jueni maji hayako mbali. Chimbeni shimo la mita 2. Maji yakijitokeza kabla ya mita 1.5, choo chochote cha kuchimbwa chini hakifai hapo, na msingi wa nyumba lazima uinuliwe.

Siku hiyohiyo pimeni unywaji wa udongo. Chimbeni kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kijazeni maji yaishe, kisha mjaze tena na kushika saa. Maji yakishuka sentimita 2.5 ndani ya nusu saa, udongo unapokea vizuri. Yakichukua zaidi ya saa nzima, huo ni mfinyanzi, na maji ya kufulia yatatuama. Yakishuka ndani ya dakika moja, ni mchanga mtupu: utaonekana mzuri kwa sababu haujai kamwe, lakini uchafu unashuka nao moja kwa moja hadi kwenye maji ya kisima.

Kabla ya kulipa, onaneni na majirani wote wa mipaka na serikali ya mtaa, kisha nendeni ofisi ya ardhi ya manispaa mkaone mchoro wa mipango miji unasema eneo hilo ni la nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa, kwa hiyo kiwanja cha kando ya mto kinaweza kuwa na ekari 6 kwenye karatasi na 4 tu za kutumia. Pelekeni wazo NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, mapema wawaambie kama mradi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Kufanya hivyo baada ya kujenga ni ghali mno.

Hati isiandikwe jina la mtu mmoja, hata akiwa ndiye aliyetoa fedha nyingi. Akifariki, warithi wake hawajui makubaliano yenu wala hawalazimiki kuyajua. Sajilini chama cha ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, au bodi ya wadhamini kupitia RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), na hati iwe ya chombo hicho. Kama miongoni mwenu kuna asiye raia, pateni mwanasheria mapema, maana mgeni hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji.

Maji: ya mvua ya kunywa, ya kisima ya kazi

Dar hupata mvua ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 80, ukitoa asilimia 20 inayopotea kwa kurukaruka na kuvuja, linakusanya lita 70,000 hivi kwa mwaka. Nyumba 20 ni lita milioni 1.4. Watu 100 wakitumia lita 60 kila mmoja kwa siku, mahitaji ni lita milioni 2.19. Kwa hiyo mvua peke yake haitoshi, na kuhifadhi mvua ya masika ili mfulie Septemba kungehitaji matanki ambayo hakuna kikundi cha kawaida kitayamudu.

Gawanyeni matumizi. Maji ya kunywa na kupikia yawe ya mvua: watu 5 kwa lita 15, kwa siku 120 za kiangazi, ni lita 9,000. Simtanki moja ya lita 10,000 kwa kila nyumba inatosha. Maji ya kufulia, kuoga na kumwagilia yatoke kisimani.

Simtanki iliyojaa ina tani 10 za maji, na nyingi hupasuka chini, karibu na koki, kwa sababu msingi umedidimia upande mmoja. Jengeni duara la matofali, shindilieni kifusi kwa tabaka za sentimita 15, kisha mwageni zege la sentimita 10 lililonyooka kwa pima maji. Lisikae juu ya mchanga wala mawe matupu. Koki iwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tanki ili matope yabaki chini. Gata iteremke sentimita 1 kila mita 2. Ikilala, majani yanaoza humo na mbu wanapata makazi.

Mvua ya mwanzo huosha vumbi, chumvi ya upepo wa bahari na vinyesi vya ndege. Itupeni. Nusu lita kwa kila mita ya mraba inatosha, yaani lita 40 kwa paa hilo. Wengi hutumia kipande cha bomba la inchi 4 lenye mfuniko, lakini mita moja ya bomba hilo haifiki lita 9, na wanaweka mita moja tu. Wekeni pipa la lita 50 kabla ya tanki, na chini yake tobo la milimita 3 ili lijimwage lenyewe baada ya mvua. Pipa linalosubiri mtu aje kulifungua litasahauliwa, na mvua inayofuata itaingiza uchafu tankini. Kila mdomo wa tanki ufungwe wavu mdogo usiopitisha mbu. Dengue ililipuka Dar mwaka 2014 na 2019, na mbu wake hupenda maji safi yaliyotuama nyumbani.

Paa la kuvunia maji liwe la mabati. Makuti yanatia maji rangi na takataka, kwa hiyo yabaki kwenye baraza la mikutano.

Kuhusu kisima, ombeni kibali cha kuchimba Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Habari za maji mengi ya chini ya ardhi ya Kimbiji, huko Kigamboni, zinahusu tabaka la chini sana linalofikiwa na visima vya mamia ya mita. Kisima cha kikundi cha mita 40 hakichoti huko. Pimeni chumvi mwishoni mwa Septemba, siyo Mei, kwa sababu mvua huyazimua maji ya juu. Chumvi ikizidi maikrosimensi 2,500 kwa sentimita (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme), hata mchicha utaanza kuungua pembe za majani. Na hata maji yakiwa matamu, pampu kubwa inayovuta kwa nguvu saa moja huvuta pia maji ya bahari yaliyolala chini. Chukueni pampu ndogo ya sola inayofanya kazi taratibu kwa muda wa saa sita wakati wa jua. Kwa lita 6,000 za nyumbani na 10,000 za bustani kwa siku, kutoka chini hadi kwenye mnara jumla ya mita 60, mtatumia uniti 6 hadi 7. Mnara wa mita 6 unatosha kuogea, na pampu hii haina haja ya betri: tanki la juu ndiyo akiba yake.

Umeme

Anzeni na nyumba moja. Taa 6 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 210. Simu na redio 60. Feni 2 za wati 40 kwa saa 8 ni 640. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Friji ndogo yenye ubora ni kama 900. Jumla ni wati-saa 2,010, yaani uniti 2 kwa siku, na nyumba 20 ni uniti 40. Ongezeni 4 za taa za njia na baraza, 6.5 za pampu, na 10 za majiko ya umeme (nitaeleza). Mnafika uniti 60.

Gawanyeni kwa 0.75, kwa ajili ya kinachopotea kwa vumbi, joto la paneli, nyaya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri uwe wa kutumika nyumbani): 80. Gawanyeni tena kwa saa 4.5 za jua kali kwa siku, makadirio ya miezi ya mawingu: kilowati 18. Hizo ni paneli 33 za wati 550. Fundi atakayewaambia 25 zinatosha huenda amepiga hesabu kwa jua la Januari.

Paneli zitazame kaskazini, kwa sababu tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na zilale nyuzi 10 hadi 15. Nyuzi 7 kamili zingevuna vizuri, lakini mvua haitelezi na uchafu hubaki kwenye kingo za chini. Msiziweke chini ya minazi. Kivuli cha kuti moja kwenye paneli moja kinapunguza umeme wa mstari wote wa paneli zilizoungwa pamoja, na dafu likianguka ndiyo kwisha kwa kioo. Nati na bolti ziwe za chuma cha pua. Za kawaida huliwa na chumvi ya bahari.

Inveta ziwe 3 za kilowati 5, moja kwa kila fezi, nyumba 7, 7 na 6. Hapa ndipo vifaa vingi huungua. Paneli 33 zikigawanywa ni 11 kwa kila inveta, na fundi asiye makini huziunga zote 11 kwa mstari mmoja. Kila paneli ina volti karibu 50 ikiwa haina mzigo: jumla 550. Inveta nyingi za ukubwa huo mwisho wake ni 450 au 500. Chagueni yenye viingilio viwili vya sola, mstari wa 6 kwenye kimoja na wa 5 kwenye kingine. Msiunganishe mistari isiyolingana kwenye kiingilio kimoja. Volti 300 za umeme wa moja kwa moja zinaua, kwa hiyo kazi hii ipewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kwa betri, usiku nyumba hizi hutumia uniti 26 hadi 28. Wekeni akiba ya uniti 40 ili asubuhi ya mawingu isiwakute gizani, gawanyeni kwa 0.8 kwa kuwa betri haikaushwi, mpate 50. Betri za lithiamu fosfeti za volti 51.2 na ampea-saa 100 zina uniti 5.1 kila moja, hivyo zinahitajika 10. Chumba chake kiwe cha ukuta na kivuli, hewa ikipita. Kontena la bati linapita nyuzi 45 mchana na betri huzeeka haraka. Kila tundu lifungwe wavu. Mijusi huingia kwenye inveta kutafuta joto na wadudu, na mjusi mmoja juu ya saketi unatosha kuiunguza.

Umbali nao unahesabika. Nyumba iliyo mita 150 ikivuta kilowati 2 kwa waya wa shaba wa milimita 4 inapoteza volti 12: taa zinaweza kufifia na friji kuhangaika kuanza. Waya wa milimita 10 unapoteza chini ya 5. Ndiyo maana chumba cha umeme kikae katikati ya kijiji, hata kama paneli zingependeza zaidi getini.

Ubaoni, ndani ya chumba hicho, iandikwe kwa herufi kubwa: betri chini ya asilimia 40, majiko yazimwe, chini ya 25, friji zizimwe hadi jua litoke. Uamuzi huu ufanywe leo mkiwa watulivu, siyo usiku wa mvua.

Kupikia

Biogesi inasifiwa sana, na mitambo ya kuba iliyoendelezwa na CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, inadumu ikijengwa vizuri. Lakini pigeni hesabu. Familia ya watu 5 inahitaji mita za ujazo 1.2 za gesi kwa siku, yaani samadi mbichi kilo 30 ichanganywe na lita 30 za maji. Hizo ni ng'ombe 2 au 3 wa zizini. Nyumba 20 zingetaka ng'ombe 50, na ekari 6 haziwezi kuwalisha. Jengeni mtambo mmoja wa jiko la pamoja la shughuli na la watoto, basi.

Majumbani, sufuria ya presha ya umeme ndiyo inayopunguza mkaa kuliko kitu kingine. Hutumia kama nusu uniti kupika maharage, kwa sababu inajizima yenyewe ikishapata moto. Tatizo ni kuwasha pamoja: sufuria 20 za kilowati 1 zinaangusha inveta za kilowati 15. Wekeni zamu 4 za nyumba 5 kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Chapati na samaki wa kukaanga bado vitataka moto mwingine. Mtungi mmoja mdogo wa gesi kwa kila nyumba siyo dhambi.

Choo

Choo kikavu cha mboji hushindwa pwani kwa sababu moja ambayo vitabu vya nje havitaji: watu hutawaza kwa maji. Maji yakiingia kwenye chumba cha kinyesi, mboji haiozi, inanuka, na nzi wanakuja. Msiwakataze watu kutawaza. Jengeni choo chenye sehemu tatu: mbele mkojo, katikati tundu la kinyesi, na pembeni, hatua nusu, sehemu ya kutawazia yenye mfereji wake unaokwenda kwenye migomba. Sakafu ya kutawazia iinamie huko, na tundu la kati liwe na mfuniko wenye mpini mrefu.

Vyumba viwe viwili juu ya ardhi, kila kimoja na ujazo wa karibu mita 1 ya ujazo kwa familia. Kila baada ya haja, kikombe kimoja cha majivu au pumba za mbao. Chumba kikijaa kinafungwa mwaka mzima huku cha pili kikitumika. Kinachotoka kiwekwe kwenye miti ya matunda, siyo kwenye mchicha. Mkojo uzimuliwe kwa maji mara 5 au zaidi, umwagwe chini ya mimea. Choo chochote kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Masika ndiyo msimu wa kipindupindu, na shimo lililofurika halichagui nyumba.

Maji ya kuoga na kufulia: shimo la duara, upana mita 2, kina sentimita 80, lijazwe matawi na majani makavu, tuta lizunguke, migomba 5 juu ya tuta. Nyumba moja, shimo moja. Kwenye mfinyanzi, mawili. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye ndoo yenye nyasi kavu inayonasa mafuta, nyasi zibadilishwe kila wiki. Bila hiyo, shimo linaziba.

Nyumba na bustani

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha yatazamane, ili kusi na kaskazi zote zipite. Wavu wa mbu hupunguza upepo sana, kwa hiyo madirisha yawe makubwa kuliko mliyozoea. Kingo za paa zitoke sentimita 90. Mabati ya geji 28 yenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki. Geji 32 karibu na bahari hutoboka mapema. Chini ya bati kuwe na dari, na juu ya dari matundu ya kutolea hewa moto, maana Februari joto linatoka juu.

Matofali ya kufungamana ya udongo na saruji yanapunguza saruji na hayachomwi kuni. Kujua kama udongo wenu unafaa, jazeni theluthi ya chupa kwa udongo, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, acheni siku moja. Mchanga uwe asilimia 60 hadi 70, mfinyanzi 15 hadi 25. Mchanga mtupu wa pwani haushikamani, changanyeni na udongo mwekundu. Saruji 1 kwa udongo 14 hadi 16, kisha mwagilieni chini ya nailoni siku 7 angalau. Mstari wa kwanza uwekwe kwa saruji na unyooke kabisa. Kosa la milimita 3 hapo linakuwa sentimita kadhaa juu.

Lita 10,000 kwa siku zinamwagilia nusu ekari. Hiyo inatosha mchicha, matembele, bamia na nyanya za kijiji. Mchele na unga mtanunua, hivyo msijidanganye. Mihogo ichukuliwe mbegu TARI Kibaha (kituo cha utafiti wa kilimo), kama aina ya Kiroba, kwa sababu ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaozesha mizizi ya mbegu za mitaani huku majani yakionekana mazima.

Fedha na utaratibu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni bei ya betri 10, gawanyeni kwa miezi 120, kisha kwa nyumba 20. Hicho ni kiwango cha chini ambacho kila nyumba iweke benki kila mwezi, kwenye akaunti yenye saini tatu isiyotumika kwa jambo lingine. Fanyeni vivyo hivyo kwa pampu (miaka 7) na inveta (miaka 8). Kila nyumba iwe na mita ya kulipia kabla, kama LUKU, na kikomo cha uniti 3 kwa siku pamoja na jiko. Bila mita, nyumba moja yenye pasi na hita ya maji inamaliza betri ya wote, na ugomvi hauna ushahidi.

Wafundishwe watu wawili kutunza mfumo, walipwe. Kazi ya kujitolea hudumu hadi msimu wa kwanza wa shughuli nyingi. Katiba iseme anayehama anarudishiwa nini, ndani ya muda gani, na nani ana haki ya kwanza kununua nafasi yake.

Jengeni kwa mpangilio huu: barabara na mifereji ya mvua, kisima na mnara, vyoo, nyumba 5, kisha theluthi ya paneli na betri. Inveta iwe ya aina inayokubali kuongezwa, na betri za nyongeza ziwe za kampuni ileile, ziongezwe ndani ya miaka miwili, kwa kuwa mpya na zilizochoka hazichaji sawasawa. Kaeni hivyo masika moja na kiangazi kimoja mkisoma mita kila jioni. Nyumba 15 zilizobaki zichorwe kwa namba hizo.